Mkunga Aliyeikwepa Milima

Mlango wa Mama Manubia ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kutoka nje, na hilo lilimpa Inspekta Belgasem Dhawi tumaini la kwanza tangu asubuhi. Mtu anayebebwa kwa nguvu hapati nafasi ya kufunga mlango wake.

Sasi, mpwa wa mama huyo, hakuona hivyo. Alikuwa fundi wa matofali, mtu wa mabega mapana na subira ndogo, na alisimama nyuma ya Inspekta na ufunguo wa akiba mkononi akirudia maneno yaleyale. Mama yake mkubwa ana miaka sitini na mitatu. Hana adui Tozeur nzima. Nusu ya watu wa mtaa huu aliwapokea yeye wakizaliwa. Na sasa leo ni Alhamisi, wakati hajaonekana tangu Jumanne alfajiri. Aliyemfanyia ubaya anajulikana, ameshakamatwa, yuko kituoni kwenye benchi. Kilichobaki ni kumbana tu.

"Tutambana," alisema Belgasem. "Fungua kwanza."

Ndani kulikuwa kumetulia. Kitanda kilitandikwa. Bakuli la kukandia unga lilioshwa na kufunikwa. Maziwa yalikuwa yamemwagwa na chupa kusuuzwa, kama afanyavyo mtu anayejua hatarudi jioni. Belgasem alimuuliza Sasi ni kitu gani hakipo. Sasi alizunguka, akasema kikapu, chupa ya chai, na viatu vya ngozi ambavyo mama huyo alivivaa siku za Idi tu.

Kwenye rafu ya chumbani kulikuwa na madaftari yamepangwa wima, kila moja limeandikwa mwaka mgongoni. Humo mkunga aliandika kila mtoto aliyempokea, saa, uzito, jina la mama. Yalianza mwaka 1958 na kuishia 1991, alipostaafu. Belgasem alipitisha kidole juu yake polepole, akafika mahali kidole kilipozama.

"Daftari la sitini na tisa liko wapi?"

Sasi hakujua. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyagusa yale madaftari, alisema, hata yeye.

Jirani wa mlango wa pili alihojiwa kibarazani, huku anachambua tende. Jumapili alasiri, alieleza, kijana mgeni aligonga kwa pete ya mlango ya wanaume, ile yenye mlio mzito kuliko ya wanawake, akaingia, na haikupita muda ikaanza kelele. Kijana alikuwa anasema, utaniambia, leo au mwakani, utaniambia. Maneno hayo jirani alishamwambia Sasi na mtaa mzima.

"Na baada ya kelele?" aliuliza Belgasem.

"Baada ya kelele, kilio."

"Mama Manubia alilia?"

Jirani aliacha tende. "Hapana. Kijana ndiye aliyelia. Mama alikuwa anamnyamazisha, kama unavyonyamazisha mtoto."

"Hilo ulimwambia Sasi?"

"Sasi hakuniuliza."

*

Kijana aliitwa Monji. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mchimbaji wa fosfeti kutoka Redeyef, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa na mistari myeupe ya vumbi lisilotoka kwa sabuni. Mdomo wake ulikuwa umevimba, kwa kuwa Sasi na mafundi wenzake wawili ndio waliomkamata asubuhi ile mlangoni kwa Mama Manubia. Belgasem alimwekea glasi ya chai mbele yake na kumwacha anywe nusu kabla ya kumwuliza lolote.

Kuna kitu kilichomsumbua Inspekta. Mtu aliyemdhuru bibi siku ya Jumanne hafungi safari ya saa mbili siku ya Alhamisi kuja kugonga mlango wa nyumba yake, mchana kweupe, na kugonga mpaka majirani watoke.

"Kwa nini ulirudi leo?"

"Aliniambia nirudi leo."

"Uchukue nini?"

"Cheti."

"Vyeti vinatolewa manispaa. Mama amestaafu miaka sita."

Monji alizungusha glasi.  Nje, mkokoteni uliobeba vikonyo vya tende ulipita, na mwenye punda alikuwa anamtukana punda wake kwa upole, kama mtu na mkewe.

Mwishowe kijana akasema, bila kuinua macho, kwamba baba yake alifariki mwezi uliopita. Siku mbili kabla ya kufa alimwita peke yake na kumwambia hakumzaa. Hawakumzaa, yeye wala mkewe. Mkunga wa Tozeur, Manubia, aliwaletea kitoto kichanga mwaka wa mafuriko, akatia saini kwamba mwanamke huyu wa Redeyef ndiye aliyejifungua. Mama aliyemlea bado yu hai na hajui kama Monji ameambiwa. Kwa hiyo hakutaka jambo hili lisemwe kituoni, wala popote.

"Mama Manubia alikujibu nini Jumapili?"

"Kwamba mama yangu alikufa kwenye mafuriko. Nikamwambia anaapa? Akashindwa kuapa. Ndipo nikapiga kelele." Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mwisho akasema nimpe mpaka Alhamisi. Kuna mtu lazima amwone kwanza."

"Mtu gani? Wapi?"

"Afande, ningejua ningekuwa huko."

Belgasem alimwambia sajenti wa zamu amletee kijana chakula na asimfunge pingu. Kisha akapiga simu zahanati, akazungumza na Bi Radhia, muuguzi mkuu aliyefanya kazi na Manubia miaka ishirini. Bi Radhia alikumbuka jambo moja ambalo wote walilichekea zamani. Kila zamu ya chanjo ya vijijini ilipofika, Manubia alikwenda kokote, jangwani, ng'ambo ya bonde la chumvi, mpaka Shebika chini ya mlima. Lakini Tamerza na Mides, huko juu, hakukanyaga. Alibadilishana zamu na yeyote. Alisema milimani kuna baridi.

"Hata Agosti alisema kuna baridi," alisema Bi Radhia. "Sisi tulidhani ni mzaha. Na zamani hizo za kabla ya mafuriko, huko ndiko kilikuwa kituo chake cha kazi."

Baada ya hapo haikuwa vigumu kujua aulize wapi. Kwenye stendi ya teksi zinazojaza abiria wanane, dereva wa njia ya milimani alimkumbuka vizuri. Bibi mwenye kikapu, viatu vizuri, alikaa mbele. Walipofika Tamerza alikataa kushuka. Alikaa tu, ameshika mlango, abiria wengine wanalalamika. Kisha akasema, nipeleke Mides. Alishuka huko saa tatu asubuhi, karibu na kibanda cha Lakhdhar, na dereva hakumwona tena.

*

Koplo Jilani ndiye aliyeendesha. Alizaliwa Tamerza, na kila walipopita mahali alikuwa na binamu pale au ugomvi na mtu wa pale. Alikuwa amenunua mkate moto uliojazwa vitunguu, pilipili na mafuta, akawa anaula kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwingine, mpaka Belgasem akamwambia achague kimoja. Akachagua kusimamisha gari na kumaliza mkate.

Wakati anakula, Inspekta alitazama kaskazini-magharibi, upande wa Aljeria. Juu ya milima kulikuwa na wingu jeusi lililotulia, lenye kingo kama zilizokatwa kwa kisu. Tozeur jua lilikuwa kali.

"Inanyesha kwao," alisema Jilani akifuata macho yake. "Mvua ya kwao huja kwetu kwa miguu."

Belgasem alimwuliza kuhusu mafuriko ya sitini na tisa. Jilani alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule. Alisimulia huku gari likipanda kona za Tamerza, na kwa mara ya kwanza safari ile hakufanya utani. Ilinyesha wiki tatu. Nyumba za udongo zilikunywa maji mpaka zikalainika kama mkate ndani ya mchuzi, zikaanguka moja moja, nyingine na watu ndani. Mji wa kale wa Tamerza ukahamwa, na mpaka leo umekaa vilevile upande wa pili wa mto, kuta bila paa. Mides nao walihama kijiji chao cha ukingoni. Wanajeshi walikuja wakachukua majeruhi. Waliorudi walirudi, na ambao hawakurudi, kila familia ilijihesabia yenyewe.

Lakhdhar wa Mides alikuwa anauza vinywaji na mawe, yale mawe ya kupasua yenye fuwele ndani, na kabla hajajibu swali alijaribu kumwuzia Belgasem jiwe moja. Ndiyo, Jumanne alimwona bibi. Alidhani ni mgeni wa Tibra.

"Kwa nini wa Tibra?"

"Alikaa kwenye lile jiwe pale, mbele ya mlango wa Tibra. Tangu chai yangu ya kwanza mpaka karibu adhuhuri."

"Aligonga?"

"Hata. Alikuwa anautazama mlango tu. Nikampelekea maji, akashukuru. Baadaye akainuka akaelekea huko korongoni. Nikajua ana gari linamsubiri."

Belgasem alikwenda akakaa juu ya lile jiwe. Lilitazamana na mlango wa buluu na dirisha moja dogo, hatua kumi na tano hivi. Alikaa dakika mbili. Kisha akainuka na kugonga.

Tibra alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye kovu lililoanzia kwenye nyusi na kupotea ndani ya kitambaa cha kichwa. Aliwakaribisha bila kuuliza kisa, akarudi kwenye mtambo wake wa kufumia, na kuendelea kupitisha uzi. Maisha yake yalijulikana kwa kutazama tu chumba: mto mmoja, kikombe kimoja. Belgasem alimweleza anayemtafuta. Tibra akasema hajamwona.

"Alikaa hapo nje saa tatu nzima, mama."

"Watu wengi hukaa hapo. Kuna kivuli."

"Asubuhi hakuna kivuli. Nimekaa sasa hivi." Belgasem alisogea akasimama nyuma yake. Mtambo ulikuwa umeelekezwa dirishani, na dirisha lilimwonyesha jiwe lote, kama picha ndani ya fremu. "Ukifuma, unaona nini?"

"Naona uzi."

Belgasem hakubishana. Aliandika jambo kwenye kijitabu chake, akashukuru, akatoka. Nje alimwuliza Jilani kovu lile ni la nini, na Jilani akasema ni la boriti la nyumba. Tibra alikuwa anaishi mji wa kale wa Tamerza, ameolewa mwaka uleule. Alijifungua usiku wa mvua, na kabla hajakucha nyumba ikawaangukia. Mumewe alifia pale. Yeye alipelekwa hospitali ya mbali akiwa hajitambui, akakaa miezi mitano. Mtoto hakuonekana tena. Walisema maji yamemchukua. Aliporudi alifuata ndugu zake huku Mides, akakataa kuolewa tena, na mpaka leo.

"Nani alimzalisha?" aliuliza Belgasem.

 Jilani akageuka, akalitazama lile jiwe.

"Twende korongoni," alisema Inspekta.

*

Mides imekaa kwenye ulimi wa mwamba, na korongo limeuzunguka ulimi huo pande tatu. Ukingo hauna uzio. Jilani ndiye aliyeviona kwanza viatu: vya ngozi nyeusi, vimewekwa sambamba juu ya jiwe bapa, soksi zimekunjwa ndani yake. Mbele yake palikuwa hewa tupu, na chini kabisa, mita sitini au zaidi, mchanga wa mto.

Jilani akavua kofia. "Sisi sote ni wa Mungu," alisema kwa sauti ndogo.

"Vaa kofia yako." Belgasem alipiga magoti na kupindua kiatu kimoja. Soli ilikuwa laini kama sahani, haijachakaa, ngozi ya siku za Idi. Alilala kifudifudi na kuchungulia chini ukingoni, akaangalia mwamba kwa muda mrefu. Hapakuwa na nguo iliyonasa, hapakuwa na ndege wanaozunguka. Kisha akaanza kutambaa kando ya ukingo, mikono na magoti, suruali yake ya kazi ikageuka rangi ya njano. Mahali njia ya mbuzi inapoanza kuteremka, alisimama.

"Njoo uone. Usikanyage."

Palikuwa na vumbi laini lililokusanyika nyuma ya jiwe, na ndani yake alama ya vidole vitano vya mguu mtupu, vimeelekea chini. Pembeni yake palikuwa na kitundu cha duara. Hatua iliyofuata ilikuwa na kitundu kingine.

"Fimbo," alisema Jilani.

"Anayejirusha hahitaji fimbo. Alivua viatu kwa sababu vinateleza. Huko chini mtu anafika wapi?"

"Ukifuata mto unatokea Tamerza. Mji wa kale. Mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima." Jilani alitazama wingu, ambalo sasa lilikuwa limefunika mlima mzima. "Afande, tukiteremka, tuteremke sasa hivi."

Waliteremka. Kule chini kulikuwa na ubaridi na ukimya, kuta zimekaribiana kiasi kwamba mahali pengine mbingu ilibaki utepe. Maji ya mto yalikuwa uzi tu, upana wa kiganja, na Belgasem alitembea akiinama, akihama upande huu na ule. Nyayo zilikuwa wazi kwenye mchanga. Kwa mita mia tatu zilikwenda sawasawa. Kisha kwenye mawe yenye ukungu zikapotea, na zilipotokea tena zilikuwa zimebadilika: mguu wa kushoto uliandika vizuri, wa kulia uliburuta mstari.

"Ameumia hapa," alisema. "Jumanne, mchana."

Mita mia zaidi, mstari uliingia nyuma ya jabali. Hapo palikuwa na kokwa za tende, kumi na mbili, zimewekwa pamoja na mtu nadhifu asiyependa kutupa ovyo. Belgasem aliokota moja akaibana kwa kidole. Ilikuwa kavu. Akatembea hatua ishirini, akakuta nyingine tatu chini ya ukuta, akaibana moja, na hii ilikuwa bado na unyevu wa mate.

Aliinua uso. Juu ya vichwa vyao, urefu wa watu wawili, mwamba ulikuwa umeliwa na maji ya kale ukaacha pango fupi kama rafu.

"Mama Manubia," aliita.

Ilichukua muda. Kisha sauti kavu ikajibu kutoka juu. "Nani huyo?"

"Belgasem Dhawi, wa polisi Tozeur."

"Dhawi yupi? Mtoto wa Khadhra wa mtaa wa Zebda?"

"Huyo huyo."

"Ulitoka miguu kwanza," ilisema sauti. "Ulimtesa sana mama yako."

Jilani aliangua kicheko, akajiziba mdomo, akaanza kupanda.

Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba kama bilinganya. Midomo ilikuwa imepasuka, chupa ya chai tupu, kikapuni zimebaki tende nne. Alikuwa amejikokota mpaka pale juu siku ileile, kwa sababu, alisema, mtu aliyeiona sitini na tisa halali chini mtoni. Belgasem alimpa maji kidogo kidogo. Daftari lilikuwa mapajani mwake. Hakumwuliza. Mkunga mwenyewe alianza kusema, polepole, kama anayesoma ripoti aliyoiandika zamani.

Usiku ule alimpokea mtoto wa kiume, akamfunga kwenye shuka na kutoka naye kwenda kutafuta moto nyumba ya jirani. Aliposikia mlio, alipogeuka, nyumba haikuwepo. Aliona wanajeshi wakimtoa Tibra chini ya boriti, uso wote damu, na mmoja akamwambia, huyu amekwisha. Alikaa siku nne na kitoto kile kisichokuwa na maziwa, mpaka akafika Redeyef, ambako alimjua mwanamke aliyezaa mfu wiki ileile na kifua kimejaa. Alimpa amnyonyeshe. Kisha akampa kabisa, na akatia saini. Masika yaliyofuata ndipo aliposikia kwamba Tibra yu hai, amerudi milimani.

"Nilisema nitakwenda wiki ijayo," alisema Mama Manubia. "Kila wiki. Yule wa Redeyef alikuwa ananiletea mtoto nimwone, amenenepa, anamwita mama. Ningeanzia wapi? Nikaacha kupanda milima."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikaa mbele ya mlango wake mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuweza kuunyanyua mkono. Nikasema basi niende nikaione ile nyumba kwanza, kwa njia ambayo hakuna atakayeniona uso, labda huko nitapata mdomo wa kusema." Alitazama mguu wake. "Utaniandikia kesi?"

"Nitaandika nilichokiona. Mwendesha mashtaka atasoma."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema.

Jilani, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa pango, aliinua mkono. Chini yao ule uzi wa maji ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa kahawia, na ulikuwa umebeba majani makavu.

 Jilani alimbeba mkunga mgongoni, Belgasem akamfunga kwa shali lake mwenyewe mama huyo, na wakarudi karibu kwa kukimbia. Maji yaliwafika vifundoni, kisha chini ya magoti. Walipoushika mwanzo wa njia ya mbuzi na kupanda kama urefu wa mitende miwili, mlio ukaja kutoka nyuma ya kona, kama lori zito linaloshusha kokoto, na mto mzima wa matope na magogo ukapita pale walipokuwa wamesimama. Jilani aliangalia mara moja tu. Akasema alisahau kumuaga mkewe asubuhi, na akaendelea kupanda.

*

Juu ya njia alikuwa amesimama Tibra, ameshika kamba ya punda. Punda alikuwa ametandikwa blanketi. Walimweka mkunga juu yake na kumfunika.

Kisha Tibra akasema, akimtazama mkunga na si Inspekta, "Nilikuona Jumanne. Nikatia komeo."

Mama Manubia aliinamisha kichwa.

"Nilijua kilichokuleta. Umekuja kunionyesha kaburi. Nikasema, miaka yote hii hakuna aliyenionyesha kaburi, na mimi sitaki kuonyeshwa. Nikakuacha juani."

"Sikuja kwa ajili ya kaburi," alisema mkunga. "Mwanao sikumzika. Nilimpa watu. Anaishi, Tibra. Ni mwanaume mzima, anafanya kazi Redeyef."

Upepo uliokuja na mafuriko ulikuwa unapeperusha vumbi la ukingoni. Tibra hakupiga kelele wala kulia. Alimgeukia Belgasem, kama mtu wa serikali, na kumwuliza kwa heshima kama akili za bibi huyu ni nzima, maana amekaa siku mbili bila maji.

"Akili zake ni nzima, mama. Kijana nimezungumza naye mwenyewe asubuhi. Yuko kituoni kwangu."

"Kituoni?" Uso wake ulibadilika ghafla. "Amefanya nini?"

 "Amegonga mlango," alisema Belgasem. "Hajafanya kosa lolote."

 Tibra akamwendea punda, na Jilani akasogea tayari kumzuia, maana hakujua mikono ile itafanya nini. Tibra aliukamata mguu uliovimba wa mkunga, akauinua, akauegemeza juu ya shingo ya punda ili usining'inie.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Kaa vizuri usianguke."

Belgasem alikwenda kwenye gari na kuita Tozeur kwa redio ya upepo. Alimwambia sajenti amlete Monji Mides, mara moja, kwa gari la kituo, na ampitishe zahanati kwa ajili ya mdomo. Sajenti aliuliza aandike sababu gani kwenye kitabu. Belgasem alifikiri. "Andika utambuzi," alisema.

Gari lilifika saa tisa alasiri, na lilikomea ng'ambo. Chini ya kijiji barabara inavuka mto kwa kivuko cha zege, na kivuko hakikuonekana tena, maji mekundu yalikuwa yanapita juu yake kwa kishindo. Mides nzima ilikuwa imetoka kutazama, kama kawaida mto unaposhuka. Walikuwa watu wapata arobaini ukingoni, zaidi ya nusu yao wanawake.

Monji alishuka. Akasimama na kupitisha macho kwenye nyuso zile moja baada ya nyingine, akianzia kushoto. Akamwona Mama Manubia juu ya punda. Akamwona aliyeshika kamba.

Sajenti alipaza sauti kuuliza jambo, lakini mto ulimeza maneno. Tibra hakupunga mkono. Alikuwa anamtazama tu, kichwa ameinamisha upande mmoja, na baadaye akajifunua kitambaa nyuma kidogo ili uso wote uonekane, pamoja na kovu. Yule wa ng'ambo akaketi chini kwenye changarawe. Naye Tibra akaketi.

Maji yalichukua saa mbili na nusu kupungua. Watu walianza kuondoka, kila mmoja na kazi zake. Lakhdhar alileta chai, Jilani akampeleka mkunga ndani akamfunge mguu, na Belgasem akabaki amesimama kando ya nguzo nyeupe iliyochorwa vipimo, akisubiri alama ya pili itokee, maana kabla ya hapo sheria hairuhusu mtu kuvuka. Alama ya tatu, iliyo juu yake, ilitokea kwanza. Aliinua redio na kumwambia sajenti bado, amshikilie kijana, maji bado yana nguvu.

Sajenti akajibu kwamba amri imechelewa. Belgasem akatazama. Kijana alikuwa katikati ya kivuko, maji yakimpiga magotini, mikono ameinyoosha ili asiyumbe. Na upande huu, pale Tibra alipokuwa ameketi, palikuwa na kamba ya punda tu chini. Alikuwa ameshaingia majini.